Kushiriki, neno lililochoshwa na fomu za mahudhurio

Msimu wa semina ukifika, jijini Mwanza kuanzia Buhongwa hadi Igombe, kuna neno halikosi kwenye mabango: "shirikishi". Mafunzo shirikishi ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Usafi shirikishi wa mto Mirongo. Upandaji miti shirikishi. Jioni taarifa inasomwa kwamba wananchi 200 wameshiriki. Walichofanya wananchi hao 200 ni kusaini fomu, kumsikiliza mgeni rasmi, kunywa soda na kupiga picha ya pamoja. Kiswahili kina neno la shughuli hiyo, tena neno zuri tu: walihudhuria.

Kushiriki ni kuwa na fungu katika jambo: fungu la uamuzi, fungu la kazi, na fungu la kinachopatikana au kinachopotea. Asiye na hata moja kati ya hayo hajashiriki, hata kama alikaa kiti cha mbele. Maana ndiyo hiyo, haina mzunguko.

Neno limetoka katika Kiarabu, shina la sh-r-k, lenye maana ya kumiliki au kubeba kitu pamoja na mwingine. Kwetu limezaa ukoo mkubwa: mshirika, shirika, ushirika, shirikisho. Waislamu wanalijua pia kwa sura ya shirki, yaani kumpa Mungu mwenza katika kilicho chake peke yake, na uzito wa dhambi hiyo umo ndani ya neno lenyewe, kwa kuwa mshirika ana haki kwenye kitu. Walutheri wana usharika, ambao una wazee waliochaguliwa na ahadi zinazotolewa kwa bahasha, na jengo la paa jekundu ni sehemu yake tu. Tena kanisani ndiko tofauti inapoonekana kwa macho. Siku ya Meza ya Bwana mtu anaweza kukaa benchi la nyuma tangu wimbo wa kwanza hadi baraka bila kugusa mkate. Wazee wakihesabu watu, yumo. Ukiwauliza kama ameshiriki, watakushangaa.

Mwanza ilikuwa na sababu zaidi ya miji mingine ya kulitunza neno hili. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba wa kanda hii viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele. Mkulima aliitwa mwanaushirika kwa mambo yanayohesabika: pamba yake ilipimwa kwenye mzani wa chama chake badala ya mzani wa mfanyabiashara aliyekuwa akimpunja, alikuwa na sauti kwenye mkutano, na hesabu za chama zilimhusu faida ikipatikana na hasara ikipatikana. Mwaka 1976 serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika na kazi zao kupewa mamlaka za mazao, mkulima aliendelea kupeleka pamba kituoni na jina lake liliendelea kuandikwa daftarini. Kwa mtazamaji wa nje hakuna kilichobadilika. Kilichoondoka ni lile fungu, na vyama viliporudishwa kisheria mwaka 1982 kazi ngumu ikawa kuwaaminisha watu kwamba fungu nalo limerudi.

Sasa tazama kuhudhuria. Shina lake, la Kiarabu pia, ni la kuwapo mahali, kuwa mbele ya mtu. Humo mmetoka mahudhurio ya shuleni, hadhara, hadhira, na mhadhara. Yaani msemaji na wasikilizaji wake ni watoto wa shina moja: mmoja anatoa mhadhara, wengine ni hadhira, wote wamehudhuria. Mafunzo mengi ya tabianchi mitaani ni mihadhara ya namna hiyo, na hakuna ubaya kuyaita hivyo. (Tahadhari, ile inayotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu mvua kubwa au upepo mkali ziwani, haimo kwenye ukoo huu ingawa inafanana. Hiyo imetoka kwenye shina la kujihami, ambalo kwa Kiarabu lina herufi tofauti, na kwetu zote mbili zimeangukia "dh".)

Simu nazo zimechangia. Zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zina kitufe cha "Shiriki" ambacho kazi yake ni kutuma picha kwa mtu mwingine. Sambaza lingetosha.

Kisha kuna mnyambuliko unaopita bila kukaguliwa: ushirikishwaji wa jamii. Shiriki, shirikisha, shirikishwa. Kufikia hapo mtendaji ni mwingine kabisa, jamii imekuwa mtendwa anayengoja kupewa nafasi. Wakati mwingine ndivyo hali ilivyo, na neno linasema kweli bila kukusudia.

Ukitaka kujua kama mafunzo fulani yana ushiriki, anza na tarehe na saa. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa sababu taa ndizo zinazovuta dagaa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu na mitumbwi hupumzika. Semina ya wavuvi iliyowekwa katikati ya siku za giza itapata watu, ndiyo, lakini watakuwa waliotoka ziwani alfajiri na wanasinzia. Wanaoanika dagaa nao wana saa zao: mzigo hufika asubuhi, unatandazwa jua likichomoza, unageuzwa, na mvua ikitishia unaanuliwa mbio. Kikao cha saa 3 asubuhi mwaloni kinamtenganisha mama na chanja lake kwenye saa yenye hasara kubwa kuliko zote. Saa 10 jioni, dagaa wakiwa wamekusanywa, angekuja na maswali. Kamati iliyoulizwa inajua haya kabla ya bango kuchapishwa. Tarehe iliyopangwa kwa kufuata kalenda ya mfadhili hujulikana hata bila kuuliza.

Miti ndiyo inayoumbua zaidi. Siku ya Mazingira Duniani ni tarehe 5 Juni, na upandaji wa sherehe hufanyika siku hiyo. Mwanza mvua za masika zimekwisha wakati huo, na kuanzia hapo hadi vuli ya Oktoba ni kiangazi. Mche uliopandwa 5 Juni unaweza kupona, ila kwa hesabu. Chukua miche 200. Kila mmoja upewe lita 10 mara mbili kwa wiki: hizo ni lita 4,000, sawa na madumu 200 ya lita 20 kila wiki. Kwa wiki 16 ni madumu 3,200. Kaya 40 zikigawana, kila moja inabeba madumu 5 kwa wiki kwa ajili ya miche yake 5. Inawezekana, mradi majina ya kaya hizo yaandikwe siku ileile na wenyewe wakubali kwa vinywa vyao. Bila hivyo, kufikia Agosti kinachosimama pale ni vijiti na kibao chenye jina la mgeni rasmi.

Namna rahisi ni kugawa shughuli. Tarehe 5 Juni watu wakutane, wachague eneo, wachimbe mashimo ya sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu ukiwekwa upande wake na wa chini upande wake. Miche ibaki kitaluni. Mvua ya vuli ikilowesha ardhi vizuri, udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza, urudishwe kwanza, mche upandwe baada ya kuvuliwa mfuko wa nailoni. Kosa la kusahau mfuko ni la kawaida kwenye hafla za haraka, na mizizi huzunguka humo mpaka mti unadumaa. Vilimani kwenye mawe, kama Isamilo na Igogo, chimba kwanza ndipo uhesabu miche, kwa kuwa pengine mwamba uko sentimita 20 chini na shimo la 60 halipatikani. Na pembeni mwa ziwa na mito, usipande mikaratusi kwa kisingizio cha mazingira. Inakunywa maji mengi, na zile mita 60 zilizotajwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ziliwekwa kulinda hayo maji.

Kusafisha mitaro kuna mtego wake. Kazi ifanyike Septemba, kabla ya vuli, ikianzia chini maji yanakoishia na kupanda juu. Ukianzia juu, mvua ya ghafla itasukuma maji yote kwenye sehemu iliyoziba na kufurika kwa walioko bondeni, watu wa Mabatini wanaelewa. Tope na mifuko iliyotolewa iondoke siku hiyohiyo. Ikiachwa ukingoni ili gari lije Jumatatu, mvua ya Jumapili inairudisha yote mtaroni. Kwa hiyo swali la gari la taka linatangulia swali la fulana na kofia, na anayelijibu ndiye mshiriki wa kwanza wa siku hiyo.

Kuna mafunzo madogo yanayoacha fungu mikononi mwa watu, na kupima mvua ni mojawapo. Chombo kiwe na kuta zilizonyooka, kikae wazi, mbali na mti au paa kwa angalau mara mbili ya kimo cha mti au paa hilo, kisomwe kila siku saa 3 asubuhi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 8 kwa 5 likipata mvua ya milimita 30 limepokea lita 1,200. Toa kama humusi moja, yaani sehemu moja ya tano, inayomwagika, zinabaki 960. Mtu akishajua hilo kwa paa lake, mazungumzo kuhusu tenki, mfereji wa bati na mafuriko ya jirani wa chini yanakuwa na tarakimu zake mwenyewe.

Wasukuma walikuwa na jambo hili kabla ya mabango. Ngitili, eneo la malisho linalofungwa ili majani yapone na yaliwe kiangazi, lilidumu kwa sababu kila mwenye ng'ombe alijua lini linafunguliwa, nani analinda, na faini ya anayeingiza mifugo mapema, na kesi ilisikilizwa mbele ya wanakijiji. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulifika mbali kwa kuufuata utaratibu huo badala ya kuja na wake. Hakuna aliyewahi kusaini fomu kwamba ameshiriki ngitili. Ng'ombe wake walijulikana.

Kwa hiyo waandaaji wa mafunzo, bila ugomvi wowote: kuhudhuria ni jambo la heshima, mtu ameacha genge lake akaja kusikiliza, na wengi huanzia hapo. Andikeni tu kwamba walihudhuria 62. Pembeni ya safu ya sahihi ongezeni nyingine yenye kichwa "amechukua nini", ijazwe na mhusika mwenyewe: miche 5, zamu ya mtaro wa Jumamosi, kipimamvua, kumuuliza mtendaji habari za gari. Safu hiyo ikiwa na majina 9, taarifa isome hivyo, walishiriki 9.