Paneli ya mzio haijui umio wa mwanao unakataa nini

Karatasi ile ile imekuja tena mezani: paneli ya mzio, yaani majibu ya vipimo vya mzio, yenye orodha ndefu ya vyakula, nusu vimepigwa alama nyekundu, na pembeni mtu kaandika kwa kalamu "aache vyote". Mtoto ana EoE: umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, umevamiwa na eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu. Keshaachishwa mayai, nyanya, kuku, nanasi na wali. Maziwa anaendelea kunywa kwa sababu kwenye karatasi yalitoka "hasi". Na maziwa ya ng'ombe ndiyo mchokozi nambari moja wa EoE kwa watoto.

Kipimo cha kuchoma ngozi na kile cha IgE (kingamwili ya mzio) kwenye damu vinapima mzio wa papo kwa papo. Mtoto anakula karanga, na ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya saa mbili kuisha, midomo inavimba na vipele vinatoka. EoE haiendi hivyo. Chakula kinaamsha seli za kinga ziitwazo Th2, zinamwaga IL-13, kemikali ya uvimbe, utando wa umio unatengeneza eotaksini-3, kemikali ya kuita eosinofili, na eosinofili zinavutwa kutoka kwenye damu. Hiyo ni kazi ya siku na wiki. Omalizumabu, dawa inayoinasa IgE yenyewe, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa EoE na haikuishinda dawa bandia. Kuiuliza IgE nani kachokoza umio ni sawa na kumuuliza mlinzi wa getini nani kaunguza mchuzi jikoni. Mwongozo wa mwaka 2025 wa ACG, chama cha madaktari wa mfumo wa chakula cha Marekani, unashauri vipimo hivi visitumike kupanga chakula gani kiondolewe. Na zile paneli za IgG, kingamwili nyingine, zinazouzwa maabara za mjini? IgG inaonyesha mtoto amewahi kukila chakula hicho. Mama yake angeweza kumwambia bure.

Ila wenzangu wengine wakisikia haya wanatupa IgE yote kapuni, nako ni kosa. Mtoto mwenye pumu au ukurutu akikaa miezi bila maziwa aliyokuwa akiyanywa salama, mwili unaweza kupoteza ule uvumilivu, na siku ya kuyarudisha akapata mzio mkali wa papo hapo. Hapo IgE ina kazi yake: kutuambia turudishe maziwa nyumbani au kliniki penye adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali. Inajibu suala la usalama tu. Haijibu suala la chanzo.

Sasa tunajuaje ni chakula gani? Kwa kuondoa na kuangalia. Mwaka 1995 Kelly na wenzake waliwapa watoto kumi maziwa maalumu ya amino asidi tupu: wanane dalili ziliisha, wawili walipata nafuu. Mwaka 2006 Kagalwalla na wenzake, Chicago, waliondoa makundi sita bila kupima mzio wowote: maziwa, ngano, mayai, soya, karanga na korosho na jamaa zake, samaki na viumbe wa baharini wenye magamba. Asilimia 74 ya watoto umio ulitulia, dhidi ya asilimia 88 kwa maziwa ya amino asidi. Baadaye, mwaka 2023, utafiti wa watu wazima ulilinganisha kuondoa maziwa peke yake na kuondoa yote sita: asilimia 34 kwa 40. Tofauti ndogo sana kwa mateso mengi hivyo. Kwa hiyo mimi huanza na maziwa, na kupanda ngazi ikibidi tu. Maziwa ya amino asidi nayaweka mwisho kabisa, kwa bei yake na kwa ladha ambayo mtoto wa miaka minne hakusamehe.

"Tumeacha maziwa" maana yake nini hasa? Ni kuacha chai ya maziwa, mtindi, samli, jibini, mkate na biskuti zenye maziwa ya unga, mandazi yaliyokandwa kwa maziwa, na siagi ya kopo ambayo kwenye maandishi madogo ina "whey" au "casein", yaani protini za maziwa. Maziwa ya mbuzi si njia ya kutokea, jamani. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Nalisema hili kila kliniki na kila kliniki kuna aliyebadilisha ng'ombe kwa mbuzi akashangaa hali iko vile vile. Wanaoondoa makundi zaidi wautazame unga wa lishe: mahindi, soya, karanga, ngano, pengine na dagaa, kikombe kimoja cha uji kimebeba makundi manne. Ugali, wali, muhogo, viazi, ndizi, maharage, nyama na mboga vinabaki, kwa hiyo chakula chetu kinatusaidia kuliko wanavyopata watoto wa mkate na jibini. Kalsiamu ipangwe na mtaalamu wa lishe tangu siku ya kwanza.

Baada ya wiki 8 hadi 12, kamera tena kupitia kooni na biopsi tena, yaani vipande vidogo vya umio vya kupimwa kwa hadubini. Hapa ndipo wazazi wanaponuna, nami nawaelewa. Lakini dalili zinadanganya. Mtoto anazoea. Anatafuna mpaka kila mtu keshanawa mikono, anashushia kila tonge kwa maji, anaogelesha ugali kwenye mchuzi, nyama anaiacha, vidonge anavikataa. Ukimuuliza, "Hakuna shida." Muulize mzazi nani anamaliza kula mwisho nyumbani.

Kwa kichanga na mtoto mdogo picha ni nyingine: anakataa kula, anatapika, uzito hauendi. Maumivu ya tumbo huja umri wa shule, chakula kukwama huja ujanani. Na tafadhali, kichanga anayenyonya, mchangamfu, anaongezeka uzito, ila ana michirizi ya damu kwenye kinyesi, hahitaji kamera yangu. Mama aache maziwa ya ng'ombe wiki mbili hadi nne, aendelee kunyonyesha, tuone.

Minyoo nayo. Eosinofili zikipanda kwenye damu, kwetu minyoo na kichocho ni dhana halali, pima na tibu. Lakini picha ya damu haitambui EoE wala haiondoi: watoto wengi wenye EoE damu yao ni ya kawaida. Vivyo hivyo "kamera imeonyesha umio safi". Umio unaweza kuonekana safi kwa macho na bado umejaa eosinofili. Chukua biopsi sita au zaidi, za chini na za juu zaidi, kila kundi kwenye chupa yake, kwa sababu ugonjwa huu umekaa kwa mabaka. Ripoti iandike namba. "Eosinofili zipo" haitoshi. Tunatafuta 15 au zaidi katika eneo moja la hadubini ya ukuzaji mkubwa.

Na hiyo 15? Ni mapatano ya wataalamu. Mtoto mwenye 13 na dalili zote simrudishi nyumbani mikono mitupu. Ukishuka kupita umio, tumboni na utumboni, namba zina utata zaidi. Umio wenye afya hauna eosinofili, lakini tumbo na utumbo vinazo kwa kawaida, na utumbo mpana wa kulia unazo nyingi kuliko wa kushoto. Viwango tunavyotumia vimetoka kwa watoto wa nchi nyingine, wenye minyoo michache. Nikiandika "kolaiti ya eosinofili" (uvimbe wa utumbo mpana) kwa mtoto wa huku, naandika kwa penseli.

Dawa, kwa haraka. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ni tiba inayojitegemea, hutuliza umio kwa karibu nusu ya wagonjwa, na tangu 2018 si mtihani wa kutenganisha EoE na ugonjwa wa asidi kupanda. Budesonidi, dawa ya steroidi, ya vichupa vya 0.5 mg: mg 1 kwa siku kwa mtoto mdogo, mg 2 kwa mkubwa, kila kichupa kichanganywe na asali kijiko kimoja au viwili vya chai (asali kamwe kwa aliye chini ya mwaka mmoja). Ameze taratibu, asile wala kunywa nusu saa, kisha asukutue na kutema. Kosa la kila siku: muuguzi anaona kichupa, anakitia kwenye mashine ya mvuke. Dawa inakwenda mapafuni, umio haupati kitu. Dupilumabu, dawa ya sindano, Marekani inaruhusiwa tangu Januari 2024 kwa mtoto wa mwaka mmoja na kuendelea mwenye kilo 15 au zaidi. Bei yake tuiache.

Nyama ikikwama na mtoto hawezi kumeza hata mate, usimsukumie tonge la ugali wala soda. Hospitali, sasa hivi. Na anayekwenda kuitoa achukue biopsi pale pale, kwa kuwa wengi wakishaitoa nyama hawarudi tena.