Gari la spoti la zamani humlindaje dereva linapogonga?

Kazi yangu ni kukagua bodi na chesi za magari ya spoti ya miaka ya 1950 na 1960 kabla wenyewe hawajayarudisha barabarani, na kila mara husikia hoja ileile: ya zamani yalikuwa chuma kitupu, haya ya leo yanabonyea kwa kidole. Bati lile ni nene kweli, ila linalomwokoa mtu ni umbali anaopewa wa kusimama. Gari likigonga ukuta kwa kilomita 50 kwa saa, pua yake ikakunjika sentimita 60 na sehemu ya abiria ikabaki nzima, dereva aliyefunga mkanda hubeba kwa wastani takriban mara 16 ya uzito wake. Kifua kikisimamishwa na usukani ndani ya sentimita 10, kiwango hicho hukaribia mara 100.

Wazo la kuiacha pua ikunjike ili waliomo wasalimike ni la Béla Barényi wa Mercedes-Benz, na liliingia katika gari la kuuzwa mwaka 1959, mwaka uleule ambao Nils Bohlin wa Volvo alileta mkanda wa ncha tatu. Magari mengi ya spoti tunayoyaenzi yalichorwa kabla mawazo hayo hayajaenea. Boneti ndefu isimdanganye mtu, kwa kuwa sehemu kubwa ya urefu huo imejaa injini, nayo haikunjiki bali husukumwa nyuma kuelekea miguuni.

Ninachokiogopa zaidi ni nguzo ya usukani. Katika mengi ya magari hayo ni chuma kimoja kilichonyooka kutoka karibu na pua hadi mbele ya kifua, kwa hiyo pua ikirudi nyuma, nayo huja kama mkuki. Porsche 911 ya 1964 ilikwepa hatari hiyo kwa kuikata nguzo kwa maungio, ingawa tangi lake la petroli liko mbele. Marekani ilizilazimisha nguzo zinazofyonza nguvu ya mgongano kuanzia Januari 1968, ndiyo maana mwaka wa kutengenezwa ni miongoni mwa mambo ya kwanza ninayouliza.

Ubavuni hali ni mbaya zaidi. Katika Lotus Elan ya 1962, uti wa chuma umepita katikati ya gari, na kati ya nyonga yako na gari linalokujia hakuna zaidi ya faibaglasi. Uzito nao hauna huruma: gari la kilo 700 likikutana uso kwa uso na la kilo 1,400, kila moja likiwa kilomita 50 kwa saa, lile jepesi husimamishwa kisha husukumwa nyuma, hivyo hubadilishiwa mwendo kwa kilomita 67 hivi kwa saa na lile zito kwa 33 tu.

Mkanda wa ncha tatu unasaidia sana, mradi ufungwe mahali penye kibati cha kuimarisha na si kwenye bati tupu lililotobolewa. Ule wa bega unaoteremka moja kwa moja hadi sakafuni nyuma ya kiti siupendi, kwa sababu katika mgongano huukandamiza uti wa mgongo. Bomba la kuzuia gari lisikuponde likipinduka ni jambo jema, ila likiwa karibu na kichwa kisicho na helmeti lazima livikwe sponji ngumu.

Hayo yote hayana maana chuma kikiwa kimeoza. Gari lisilo na paa hutegemea vizingiti vya chini ya milango kubaki limenyooka, na humo ndimo kutu hupenda kujificha chini ya fila, ule unga mzito wa kuzibia mashimo ya bati, na rangi mpya. Mimi huweka jeki katikati ya kizingiti, nikainua taratibu huku nikiutazama mwanya wa mlango. Ukijibana na mlango ukagoma kufunguka, gari hilo silipitishi mpaka vizingiti vikatwe na kuchomelewa vipya.