Seleri ya kiazi katika bustani za Dodoma: kwa nini inabaki ndogo, na namna ya kuinenepesha

Mwishoni mwa Agosti nilikuwa kwenye bustani ya mama mmoja huko Mkonze. Aliniita nimwambie aongeze mbolea gani. Seleri zake za kiazi zilikuwa na majani mabichi yanayofika magotini, ila chini hapakuwa na kitu. Nikachuchumaa, nikafukua kwa vidole shingoni mwa mmea mmoja. Kiazi kilikuwa sawa na yai la kuku, kimejaa ndevu za mizizi, na juu yake kulikuwa na udongo wa kina cha vidole vitatu. Alikuwa ameipandishia udongo kila alipopalilia, kama anavyofanya kwa viazi mviringo. Shida yake haikuwa mbolea.

Zao hili ni geni kwetu, kwa hiyo tuanze na lenyewe. Seleri ya kiazi, au seleriaki, ni ndugu wa tumbo moja na ile seleri ya mashina. Karoti, giligilani na shamari ni wa ukoo huo huo. Tunachokula ni kitako cha shina kilichovimba pamoja na sehemu ya juu ya mzizi. Kitako hicho hunenepa kikiwa kimekaa juu ya udongo. Ukikizika, mmea unaota mizizi mingi pembeni na kitako kinabaki chembamba. Mama yule tulimwondolea udongo siku ile ile, tukang'oa na vichipukizi vya pembeni. Aliokoa baadhi, ingawa muda ulikuwa umekwenda.

Muda ndio jambo ambalo wakulima wengi wa bustani hawalitegemei. Kuanzia mbegu hadi kuvuna ni miezi 6 hadi 7, na katika miezi yote hiyo mmea haupendi kusimama kukua hata wiki moja. Nyanya ikipata kiu kidogo inajirudi ukiimwagilia. Seleri ya kiazi haifidii: siku ilizosimama zinakatwa kwenye ukubwa wa kiazi. Ninaposhauri juu ya zao hili, karibu kila ninalosema linarudi hapo.

Kwa Dodoma, ambako mvua zinakuja msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, napendekeza mbegu ziingie kitaluni mwishoni mwa Februari. Miche itahamishiwa bustanini mapema Mei, mvua zikiwa zimekatika na ubaridi unaingia. Juni hadi Agosti ndiyo miezi yake mizuri hapa kwetu, halafu unavuna Septemba kabla joto la Oktoba na Novemba halijaibana. Anayesia Julai atakuwa na mimea michanga kwenye jua kali kabisa la mwaka, na sijaona ikimwendea vizuri.

Kitalu ndiko wengi wanakokatia tamaa. Mbegu ni ndogo kama vumbi, gramu moja ina mbegu zaidi ya 2,000, na zinahitaji mwanga ili ziote. Usizifukie. Zimwage juu ya mboji laini iliyolowa, zikandamize kwa kiganja, basi. Funika trei kwa plastiki inayopitisha mwanga ili unyevu usipotee, uiweke kivulini mahali penye ubaridi, mfano barazani karibu na mtungi wa maji. Joto likizidi sana nyuzi 25 mbegu nyingi zinalala tu. Hata zikiwa mahali pazuri zitachukua wiki 2 hadi 3, na watu wanazimwaga siku ya 10 wakidhani zimekufa. Maji yapulizie kwa chupa ya kupulizia, maana kopo litazisomba zote kona moja.

Kabla ya hapo, soma pakiti. Dukani mbegu hizi zinachanganywa na za seleri ya mashina, na hata mimi niliwahi kuuziwa hizo, nikalea miezi mitatu kabla sijagundua. Tafuta jina la kisayansi: ukiona neno rapaceum mwishoni, ni ya kiazi. Ukiona dulce, ni ya mashina.

Miche ikiwa na majani 5 au 6, kama wiki ya 9 hivi, ihamishe jioni. Acha sentimita 40 kila upande. Kitovu, pale majani yanapotokea, kibaki usawa wa udongo au juu kidogo. Ukibana nafasi ili miche mingi ienee, utavuna viazi vingi vya ukubwa wa limau.

Sasa maji. Hapa ndipo mtu wa Dodoma anauliza kama zao linalopenda unyevu kiasi hiki lina maana katika mkoa wenye ukame. Nadhani lina maana, mradi ubaki kwenye eneo dogo. Tengeneza tuta mbonyeo, lile lililochimbwa chini ya usawa wa ardhi ili maji yasikimbie, lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 3. Linabeba miche 21 katika mistari mitatu. Siku ya kawaida ya kiangazi, mimea ikishatanda, tuta linaweza kupoteza maji ya kina cha milimita 5. Milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1, kwa hiyo eneo lako la mita za mraba 3.6 linataka lita 18 kwa siku. Hiyo ni ndoo moja. Weka matandazo ya nyasi kavu au mabua ya uwele yenye unene wa kiganja, ukiyaacha mbali kidogo na kitovu, na ndoo hiyo itakwenda mbali zaidi, hasa zile wiki za upepo.

Maji ya kisima yaangalie. Utando mweupe kwenye birika unaonyesha ugumu wa maji, na huo hauisumbui sana seleri. Ladha ya chumvi ulimini ndiyo ya kuogopa. Kama kisima chako ni cha hivyo, hifadhi maji ya mvua kwa ajili ya kitalu na mwezi wa kwanza, kwa sababu miche ndiyo inayoumia zaidi.

Samadi iliyooza vizuri, nusu ndoo hadi ndoo moja kwa mita ya mraba, inatosha kuanzia. Kisha CAN, mbolea ya dukani yenye nitrojeni, kijiko cha chai kwa kila mmea, wiki ya 3 na wiki ya 7 baada ya kupandikiza. Ukizidisha utalima majani. Majivu ya jikoni nasihi yasimwagwe hapa: yanapandisha magadi ya udongo, na udongo wenye magadi ukichanganyika na ukavu unaufungia mmea boroni, kirutubisho unachokihitaji kwa kiasi kidogo sana. Dalili yake huioni nje. Unapasua kiazi kizuri, ndani kina uwazi wa kahawia. Palipo na hofu hiyo, pulizia mbolea ya majani yenye boroni kwa kipimo cha kwenye lebo, bila kuongeza hata kidogo, kwani boroni ikizidi ni sumu kwa mmea.

Kuanzia Julai, kila wiki mbili ondoa majani ya chini yaliyolala na vichipukizi vya pembeni, kitako kionekane. Majani ya katikati usiyaguse, ndiyo yanayokilisha kiazi. Vaa mikono mirefu: utomvu wake ukipigwa na jua juu ya ngozi unaweza kukutoa malengelenge. Tuta lililotoa nyanya, bamia au karoti zenye mizizi ya mafundo liepuke, kwani minyoo fundo wamo humo. Madoa ya kahawia yenye vidoti vyeusi kwenye majani ni ukungu. Toa majani hayo na umwagilie chini, asubuhi.

Vuna kiazi kikiwa na upana wa sentimita 10 hivi. Kimenye kwa kisu, maana ganda lina mikunjo, kisha kichemshe na kukiponda, au kiingie kwenye supu ya mbuzi. Usiache mmea mmoja ukitarajia mbegu. Ili utoe maua unahitaji wiki kadhaa za baridi chini ya nyuzi 10, na Dodoma haina baridi hiyo. Mbegu zilizobaki zifunge kwenye kichupa kikavu, uziweke kwenye friji, zitakufaa Februari ijayo.