Asilimia kumi ya mwenyekiti imeandikwa wapi?

Fedha za minada ya korosho zikianza kuingia, mashamba hubadilisha mikono, na mimi huletewa karatasi. Zinafanana: bei, majina ya mashahidi, muhuri, kisha mstari wa chini, "asilimia kumi ya serikali". Nikiuliza serikali ipi, najibiwa, "Ya mwenyekiti, mwalimu. Si ndiyo sheria?"

Si sheria. Nimechoka kulijibu swali hili. Hakuna sheria inayompa mwenyekiti wa kijiji asilimia kumi ya shamba la mtu, wala tano, wala ya soda. Kijiji kinaweza kuweka ada kwa sheria ndogo iliyoidhinishwa na halmashauri ya wilaya, nayo hulipwa kwa stakabadhi na huwa mali ya kijiji. Inayopokewa chini ya mkorosho na kuishia mfukoni ni rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haimbani mpokeaji peke yake. Mtoaji naye yumo. Nikifika hapo wateja wangu hunyamaza.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba mtu akishalipa hujiona amenunua ulinzi. Ulinzi gani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, haikumpa mwenyekiti mamlaka ya peke yake. Shamba likiuzwa kwa mtu asiye mkazi wa kijiji, idhini ni ya halmashauri ya kijiji, kikao chenye wajumbe na muhtasari. Ardhi ambayo haijagawiwa, hata hiyo halmashauri haiwezi kuigawa kabla mkutano mkuu haujakubali. Kwa hiyo aliyekupimia heka tano za pori kwa muhuri wake mwenyewe hakukupa shamba, kakupa kesi. Kabla ya kutoa hata shilingi, omba nakala ya muhtasari. Ukiambiwa "utafuata", rudi nyumbani na hela yako.

Mjini hali ni nyepesi zaidi kueleza: mwenyekiti wa mtaa, awe Mtwara au Lindi, hagawi viwanja. Basi.

Wengine huniambia, "Diwani hahusiki na mambo ya maadili, yeye kachaguliwa, si mtumishi." Anahusika. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya 1995, inawataja wajumbe wa halmashauri, na kila mwisho wa mwaka diwani hutoa tamko la mali na madeni yake. Zabuni ikimgusa yeye au mkewe, anatakiwa kutangaza maslahi na asipige kura. Malalamiko hupelekwa Sekretarieti ya Maadili, na ofisi ya Kanda ya Kusini iko hapa hapa Mtwara. Msifunge safari ya Dodoma.

Makato ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima kinachouza mazao, msiniletee pamoja na haya. Bodi ya AMCOS nayo imechaguliwa, lakini si serikali ya kijiji. Huko ni kwa mrajisi wa vyama vya ushirika.

Halafu wapo wanaosema tumeshakosea kwenye uchaguzi wa viongozi wa vijiji wa Novemba 2024, tusubiri ule wa 2029. Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu, na mkazi yeyote wa miaka 18 na kuendelea ana nafasi yake pale. Mapato na matumizi yakishasomwa, nyoosha mkono uulize hizo asilimia kumi za mashamba ya msimu huu zimeingizwa kwenye kitabu kipi.