Pesi ya nusu marathoni ya Moshi: kupanda kuna hesabu yake, kushuka kuna yake

"Nataka kumaliza 21 kwa saa mbili, nikimbie pesi gani?" Jibu la haraka ni 5:41 kwa kilomita. Kwenye kikokotoo ni sahihi kabisa. Kwenye barabara ya Mweka, inayopanda mlima kutoka Moshi mjini, karibu hakuna kilomita utakayoikimbia kwa 5:41.

Tuanze na hesabu yenyewe. Pesi ni muda unaotumia kumaliza kilomita moja. Geuza muda unaoulenga uwe sekunde, kisha gawanya kwa umbali. Nusu marathoni ni kilomita 21.0975, siyo 21 kavu. Saa mbili ni sekunde 7,200. Ukigawanya unapata 341, yaani dakika 5 na sekunde 41.

Kosa la kawaida ni kugawanya dakika badala ya sekunde. 120 ukigawanya kwa 21.0975 simu inakuonyesha 5.69, na kwa kuwa hakuna sekunde ya 69, hapo mtu hushtuka mapema. Hatari ni namba inayoonekana halali. 5.45 ya kikokotoo siyo 5:45. Hiyo .45 ni sehemu ya dakika. Zidisha kwa 60 upate 27, kwa hiyo pesi ni 5:27. Ukiisoma vibaya umejipunja sekunde 18 kila kilomita, zaidi ya dakika sita hadi mwisho.

Kwa nini tusitumie kilomita kwa saa kama madereva? Kwa sababu ya mlima. Ukipanda kilomita 10 kwa kasi ya 10 kwa saa, ukashuka hizo hizo kwa 14, wastani wako siyo 12 bali kama 11.7, maana umekaa muda mrefu zaidi kwenye ile kasi ndogo. Pesi haina mtego huo. Nusu ya njia kwa 6:00 na nusu kwa 5:00, wastani ni 5:30, basi.

Sasa, hizo saa mbili umezitoa wapi? Lengo litoke kwenye kipimo, siyo kwenye hamu. Kimbia kilomita 10 kwa nguvu zako zote, wiki tatu au nne kabla. Kwenye uwanja wa mita 400, kama Sheikh Amri Abeid pale Arusha, ni raundi 25 katika mstari wa kwanza. Mstari wa pili unaongeza karibu mita 7 kila raundi, kwa hiyo ukiukimbia wote utakuwa umezidisha mita 175 hivi na kudhani umechoka bure. Pesi ya raundi ni pesi ya kilomita mara 0.4: 5:00 ni raundi ya dakika mbili kamili. (Alphonce Simbu alishinda ubingwa wa dunia Tokyo mwaka 2025 kwa 2:09:48, karibu 3:05 kwa kilomita. Hiyo ni raundi ya sekunde 74. Jaribu moja tu.)

Muda wako wa kilomita 10 zidisha kwa 2.2 upate makadirio ya nusu marathoni, na kwa 4.6 upate ya marathoni nzima. Namba hizo zinatokana na kanuni ya Peter Riegel, mhandisi wa Marekani. Dakika 50 zinakupa takriban 1:50 na 3:50. Ile ya 2.2 naiamini. Ya 4.6 ni ya mtu aliyefanya mazoezi marefu kwelikweli. Wengine hukata moto baada ya kilomita 30.

Turudi Mweka. Mashindano huanzia takriban mita 830 juu ya usawa wa bahari na kupanda hadi karibu 1,150, kisha hugeuza na kushuka. Ni mita 320 ndani ya kilomita kumi na kitu, mwinuko wa asilimia tatu hivi. Kadirio linalotumiwa na makocha wengi ni kwamba kila asilimia moja ya kupanda inakugharimu sekunde 8 hivi kwa kilomita, na kushuka kunakurudishia 5 tu. Mlima haulipi deni lake lote. Kwa asilimia tatu, ongeza sekunde 25 ukipanda na punguza 15 ukishuka.

Kwa kuwa kushuka hakurudishi zote, mwenye lengo la saa mbili aanze hesabu na 5:36 ya tambarare, siyo 5:41: anapanda kwa 6:01 na kushuka kwa 5:21. Wastani unakuwa 5:41. Tazama sasa pale pa kugeuzia: anatakiwa afike kwa 1:03:28, siyo saa moja kamili. Anayefika kwa saa moja hujipongeza kuwa yuko sawa na ratiba, kumbe amepanda dakika tatu na nusu haraka kuliko uwezo wake. Atazilipa akishuka na mapaja yaliyokwisha, jua la mwisho wa Februari likiwa limeshachomoza vizuri.

Mwinuko haulingani kila mahali, kwa hiyo usihangaike na kilomita moja moja. Angalia wastani wa mbili au tatu.

Saa ya GPS nayo inahitaji kusomwa kwa akili. Njia ya mashindano hupimwa kwa mkato mfupi kabisa wa kila kona, na wewe hukimbii mkato huo. Saa ikimaliza na 21.3 ni kawaida. Ili upate saa mbili, saa hiyo inabidi ionyeshe 5:38, siyo 5:41. Vituo vya maji navyo vina bei: sekunde 10 mara sita ni dakika nzima, karibu sekunde 3 kwa kilomita. Na ukikwama kwenye msongamano wa mwanzo, zile sekunde zigawe kilomita nzima kumi na kitu za kupanda. Usizikimbize zote kabla ya kutoka mjini.

Andika mkononi kwa kalamu isiyofutika na jasho: kilomita 5, 30:05. Kilomita 10, 1:00:10. Kugeuza, 1:03:28. Kilomita 15, 1:27:17. Kilomita 20, 1:54:02.