Chungu kimoja, mtoto mwenye mzio: maswali ya jikoni na majibu yake

Nitajuaje kama mtoto wangu ana mzio, au ni tumbo tu limekataa?

Tazama saa. Mzio wa chakula, wengi huuita aleji, mara nyingi hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula: mabaka yaliyoinuka na kuwasha, midomo au kope kuvimba, kutapika ghafla, kikohozi, kifua kupiga filimbi. Kinga ya mwili imeidhania protini ya chakula kuwa adui, ndiyo maana hata kipande kidogo kinatosha kumwangusha.

Mtoto anayejaa gesi na kuharisha akinywa maziwa, bila vipele wala uvimbe, huenda ameshindwa kumeng'enya laktosi, yaani sukari ya maziwa. Inamsumbua lakini haimuui. Tofauti hii inabadilisha upishi wote: mwenye shida ya laktosi mara nyingi huvumilia mgando, kwa kuwa vijidudu vya kugandisha vimeshakula sehemu ya sukari ile. Mwenye mzio wa maziwa havumilii, kwa sababu protini bado imo.

Upo pia mzio wa taratibu kwa watoto wachanga: damu au kamasi kwenye choo, ukurutu usiopona, dalili zinazokuja baada ya saa nyingi. Andika kwenye daftari alichokula, kiasi, saa aliyokula na saa dalili zilipoanza. Piga picha ya mabaka kwa simu, maana mkifika hospitali yatakuwa yamekwisha. Daftari hilo ndilo litakalomsaidia daktari, iwe mko hospitali ya Mount Meru kwa upande wa Arusha, au Mawenzi na KCMC kwa upande wa Moshi. Kosa tunaloliona sana ni mzazi kufuta vyakula vitano kwa mkupuo kwa kubahatisha. Mtoto anakonda, na bado hakuna anayejua kilichomdhuru ni kipi.

Nimpikie chakula chake peke yake?

Kwa nyumba nyingi, hapana. Ukiwa na vyungu viwili na mwiko mmoja, ipo siku mwiko utatoka kule ukaingia huku. Pika chungu kimoja kisicho na kile kinachomdhuru, anayekitaka aongeze kwenye sahani yake. Mchicha upikwe bila karanga, karanga zilizosagwa zikae kwenye bakuli lenye kijiko chake. Chai iwe ya rangi, maziwa kwenye jagi. Mtoto apakuliwe kwanza, kabla mikono na vijiko havijaanza kuzunguka. Kama mnakula kwa mkono kwenye sinia moja, yeye awe na sahani yake. Hapo haibaguliwi nafsi yake, kinachotengwa ni mkono uliotoka kushika karanga.

Uji wa lishe vipi? Unasemekana ndio wa kumjenga mtoto.

Hapa ndipo penye hatari iliyojificha kuliko zote. Unga wa lishe unaouzwa tayari, soko la Kilombero Arusha au la Mbuyuni Moshi, unaweza kuwa na mahindi, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga, hata dagaa waliosagwa. Ngano, soya, karanga na dagaa ni vinne kati ya vyakula vinavyoongoza kwa mzio, vyote ndani ya kikombe kimoja, na muuzaji akishachanganya hakuna jicho la kuvitenganisha.

Tengeneza wako wa nafaka moja au mbili. Ulezi ni chaguo zuri kwa mtoto asiyetumia maziwa, kwa kuwa una kalsiamu nyingi kuliko mahindi kwa mbali. Uchague mawe, uoshe, uuloweke usiku kucha, umwage maji, uanike hadi ukauke kabisa. Kuloweka kunapunguza viini vinavyouzuia mwili kufyonza madini.

Kisha inakuja mashine. Mashine iliyotoka kusaga karanga au soya ya mteja mwingine hubakiza unga tumboni mwake. Nenda asubuhi, uulize kilichosagwa kabla yako, na uanze na kilo mbili za mahindi yako: unga huo wa mwanzo uufunge kando kwa ugali wa watu wazima. Unaofuata ndio wa mtoto. Kwa mtoto aliyewahi kubanwa pumzi au kuzimia hata hilo halitoshi. Saga nyumbani kwa chombo ambacho hakijawahi kuona karanga.

Kupika: vijiko vitano vya chakula vya unga kwa nusu lita ya maji. Koroga unga kwanza kwa nusu kikombe cha maji ya baridi, umimine kwenye maji yanayochemka huku unakoroga, uache uchemke dakika 10 hadi 15. Unga ukiingia mkavu kwenye maji ya moto unafanya mabonge ambayo katikati yana unga mbichi. Uji wa nafaka tupu hauna nguvu ya kutosha, kwa hiyo kila bakuli litie kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti na nusu ya ndizi mbivu iliyopondwa. Protini itoke kwenye mlo mwingine: nyama, maharage, yai kama analivumilia. Usisage maharage makavu mabichi ukachanganya kwenye unga wa uji. Sumu ya asili iliyomo inataka maharage yaloweke na kuchemka sawasawa, na uji hauchemki kiasi hicho.

Mtori na loshoro bila maziwa, itawezekana?

Mtori ndio rahisi zaidi, kwa kuwa nguvu yake ni ndizi na mchuzi wa mfupa. Siagi na maziwa ni nyongeza tu. Kwa watu watano au sita: nyama ya mfupa nusu kilo, ndizi mshale 15 za wastani, kitunguu kikubwa kimoja, nyanya mbili, maji lita mbili, chumvi.

Chemsha nyama hadi iachane na mfupa, kama saa moja na nusu. Itoe, bakiza mchuzi, na uweke vikombe viwili vya mchuzi huo kando. Paka mafuta mikononi umenye ndizi (utomvu hauna huruma na kucha wala nguo), uzidumbukize kwenye maji yenye ndimu zisiwe nyeusi. Zichemshe kwenye mchuzi pamoja na kitunguu na nyanya kwa nusu saa, hadi mwiko uzame bila kulazimisha. Ponda zikiwa za moto. Zikipoa wanga unakaza na mabonge hayatoki tena. Rudisha nyama uliyoichambua, kisha badala ya siagi tia vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti, au kikombe kimoja cha tui zito. Baada ya tui moto uwe mdogo, likitokota kwa nguvu linakatika. Mtori ukikaa unakuwa mzito, hapo ndipo vile vikombe viwili vya mchuzi, vikiwa vya moto, vinapofanya kazi. Ukiongeza maji ya baridi unaharibu ladha na ulaini kwa pamoja.

Vidonge vya kukolezea mchuzi visome kabla ya kutia. Baadhi vina maziwa, ngano au soya. Kama maandishi ni ya Kiingereza, maneno whey, casein, butter na milk solids yote ni maziwa. Alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, inahusu ubora na usalama wa bidhaa kwa jumla, haimaanishi kwamba haina kinachomdhuru mwanao.

Loshoro ina bahati yake: maziwa mgando huingia mwishoni, mahindi na ndizi zikiwa zimeshaiva na kupoa. Mpakulie mtoto kabla ya maziwa, kwa upawa safi, kisha fungu lake lilainishe kwa tui lenye matone ya ndimu na chumvi kidogo. Haitafanana na ya bibi, tusidanganyane, lakini uchachu upo.

Si nimpe maziwa ya mbuzi?

Hapana. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na walio wengi kati ya wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hudhurika na ya mbuzi pia. Kuchemsha hakusaidii. Samli nayo hubaki na chembe za protini. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja aendelee kunyonya. Kama inabidi mama aache maziwa kwenye mlo wake, daktari ndiye wa kusema. Tui la nazi ni kiungo, lisigeuzwe maziwa ya mtoto mchanga.

Kisamvu bila karanga kina ladha gani?

Kizuri, kwa tui. Tatizo la kisamvu liko kwenye kinu. Mti una vinyweleo na nyufa zinazokunywa mafuta ya karanga, na hakuna kuosha kunakoyatoa yote. Kwa mtoto mwenye mzio wa karanga nunua kinu na mchi vipya, na kile kinu cha zamani kibaki cha karanga. Kisamvu kilichokwisha kutwangwa sokoni kiache, labda muuzaji akuonyeshe anachotwangia. Kisha kichemshe bila kufunika kwa muda mrefu, saa nzima au zaidi, kwa ajili ya sumu ya asili ya muhogo, ndipo utie tui.

Usibadilishe karanga kwa ufuta: nao huleta mzio mkali. Korosho pia, hadi daktari aruhusu. Lakini maharage, kunde na choroko, ingawa ni jamii moja na karanga, wengi wenye mzio wa karanga hula bila shida. Kama alikuwa anakula vizuri, usimwondolee.

Vyombo niviosheje?

Sufuria, sahani na vijiko vya bati: sabuni, maji, dodoki lake, suuza, basi. Miko ya mbao, vinu na vibao vya kukatia viwe viwili viwili. Funga uzi mwekundu kwenye vya mtoto, dada wa kazi aelewe kwa macho bila kukumbushwa. Blenda ifungue hadi ule mpira ulio chini ya visu, mabaki hukaa pale. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Vitakasa mikono vinaua vijidudu, havitoi protini ya karanga.

Mafuta yaliyokaangia samaki au mayai usiyakaangie viazi vya mtoto anayedhurika navyo. Kwa sababu hiyohiyo chipsi za barabarani si salama kwake, karai ni moja kwa kila kitu.

Na mayai?

Usitenge kiini na ute ukadhani umemaliza, havitengani kabisa. Katlesi zishike kwa viazi vilivyopondwa, keki kwa nusu ndizi mbivu mahali pa kila yai. Baadhi ya watoto huvumilia yai lililookwa ndani ya keki, ila jaribio la kwanza lifanyike mbele ya daktari. Chanjo ya surua haizuiwi na mzio wa mayai, usiikose.

Samaki mmoja akimdhuru, wengine je?

Chukulia hivyo hadi apimwe: sato, sangara na dagaa hushirikiana protini. Kwa baadhi ya watoto hata mvuke wa kukaanga unatosha kuwachokoza, basi samaki apikwe nje mtoto akiwa mbali. Kamba ni mzio mwingine, na mwenye mzio wa kamba awe mwangalifu na senene pia.

Desemba tunapanda kijijini. Nimwambieje mama mkwe?

Mapema, kabla ya safari, na kwa mambo mahususi. "Mama, mtoto hali maziwa" itajibiwa "kidogo tu hayamdhuru", kwa upendo kabisa. Sema: "Mama, akinywa hata kijiko kimoja anavimba koo na anashindwa kupumua, daktari amekataza maziwa, mgando, samli na mtori wenye siagi." Mwonyeshe ile picha ya mabaka. Beba unga wake, mwiko wake na sahani yake, na umwombe yeye mwenyewe awe mlinzi wa sahani hiyo mbele ya wageni. Bibi akishakuwa mlinzi, shangazi na majirani wote watatii. Kabla hujalala siku ya kwanza, jua kituo cha afya cha karibu ni kipi na gari la nani linapatikana usiku.

Akila kwa bahati mbaya, nifanye nini?

Mabaka peke yake, mtoto anacheza: mpe dawa ya mzio aliyoandikiwa, usimwache peke yake. Sauti ikikauka, akibanwa pumzi, kifua kikipiga filimbi, akilegea, akipauka au akitapika mfululizo pamoja na mabaka, hiyo ni dharura. Dawa yake ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, nje. Kama daktari amekupa ya nyumbani, choma sasa. Kama huna, kimbilia hospitali na useme mlangoni: "mzio mkali wa chakula, anahitaji adrenalini." Setirizini na dawa nyingine za mzio hupunguza kuwasha, hazifungui koo.

Mlaze chali, miguu juu. Anayetapika alale ubavu. Anayehangaika kupumua akae. Usimtembeze wala usimsimamishe ghafla, presha inaweza kuanguka. Ndiyo maana bodaboda si usafiri mzuri hapa. Tafuta gari au bajaji alale mapajani. Usimpe maziwa "kuvunja sumu" wala kumtapisha. Hata akipata nafuu abaki chini ya uangalizi, kwani dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Ataishi nao maisha yote? Na mdogo wake nimnyime karanga?

Mzio wa maziwa na mayai wengi huuacha wanapokua, wa karanga na samaki wachache. Apimwe tena kama daktari atakavyopanga, usijaribu nyumbani.

Mdogo wake usimnyime. Kuchelewesha karanga hakukingi, na utafiti uliochapishwa 2015 kwa watoto wachanga walio katika hatari ulionyesha kuwa kuanza mapema hupunguza mzio wa karanga. Kama ana ukurutu mkali au ameshaonyesha mzio wowote, onana na daktari kwanza. Kama hana, akianza kula kwenye miezi sita, lainisha nusu kijiko cha chai cha karanga laini zilizosagwa kwa maji ya vuguvugu, mwonjeshe kwa ncha ya kijiko, subiri dakika 10, kisha mpe iliyobaki taratibu. Karanga nzima hapana hadi afike miaka mitano, zinakaba. Mlishe saa kaka yake akiwa shuleni, kwa bakuli lake, kisha umnawishe uso na mikono kwa sabuni, na meza uifute kabla ya saa ya shule kutoka.