Je, wajua wanasayansi wanaonaje kitu kidogo kuliko wimbi la mwanga?

Ukienda zahanati na homa, utachomwa kidole na damu yako itapakwa kwenye kioo. Baadaye, huko ndani maabara, hufanyika jambo dogo ambalo mgonjwa aliyeketi kwenye benchi halioni. Slaidi ikishapakwa rangi ya Giemsa na kukauka, mtaalamu huidondoshea tone la mafuta mazito, kisha huzungusha lenzi ya mwisho, ile ya mara 100, mpaka izame kwenye tone hilo. Hapo ndipo vimelea vya malaria hujitokeza: vipete vyembamba vya buluu vyenye kidoto chekundu, vimejibanza ndani ya chembe nyekundu za damu.

Sasa mwombe mtaalamu huyohuyo akuoneshe kirusi cha UKIMWI kwa hadubini hiyohiyo. Atacheka. Hata angepewa lenzi ya kukuza mara 10,000, angeona ukungu uliokuzwa tu.

Wengi husema ni kwa sababu kirusi ni kidogo mno. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu tu ya jibu. Kirusi hicho kina upana wa nanomita 120 hivi. Nanomita ni milimita moja iliyokatwa vipande milioni. Unywele wako una upana wa nanomita kama 80,000, na chembe nyekundu ya damu zaidi ya 7,000. Lakini wa kulaumiwa hapa si lenzi. Ni mwanga wenyewe.

Simama ufukweni maji yakiwa yamejaa. Wimbi likikutana na jahazi lililotia nanga, linavurugika, na upande wa pili maji yanatulia kidogo. Mtu aliye mbali, hata kama jahazi lenyewe halioni, angeweza kukisia kwamba kitu kipo pale kwa kusoma mawimbi tu. Kisha litazame wimbi hilohilo likipita kwenye kijiti kilichochomekwa mchangani. Linapita kama vile hakuna kitu. Kijiti kipo, ila wimbi halikuondoka na habari zake.

Mwanga nao ni wimbi. Ule wa kijani, kutoka mgongo wa wimbi moja hadi mgongo wa linalofuata, ni nanomita 550 hivi. Kwa wimbi la namna hiyo chembe ya damu ni jahazi, na kirusi ni kijiti.

Aliyeliweka jambo hili kwenye hesabu ni Mjerumani Ernst Abbe, mwaka 1873, katika mji wa Jena, alikokuwa akifanya kazi na mtengeneza hadubini Carl Zeiss. Alionesha kwamba vitu viwili vikikaribiana zaidi ya takriban nusu ya urefu wa wimbi, hadubini ya mwanga huviona kama kitu kimoja. Kanuni yake imechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu yake hukohuko Jena. Ndani ya kanuni hiyo kuna mlango mmoja mdogo: ukibadilisha hewa iliyo kati ya lenzi na slaidi kwa kitu kinachopinda mwanga zaidi, unaupunguza kidogo mpaka huo wa kuona. Mwaka 1878 Abbe akatengeneza lenzi ya kuzamishwa kwenye mafuta. Tone lile la zahanati, basi, ni urithi wake. Bila mafuta mpaka uko karibu na nanomita 300. Ukiyatia, unashuka hadi 200 hivi. Hapo mlango unafungwa.

Njia mojawapo ya kuukwepa ukuta huo ni kuachana na mwanga na kutumia elektroni, ambazo mawimbi yake ni mafupi mno. Ernst Ruska alianza hivyo mjini Berlin mwaka 1931, na picha nyingi za virusi ulizowahi kuziona kwenye vitabu zimetoka kwenye ukoo wa mashine yake. Mimi leo nataka njia nyingine, kwa sababu inageuza kabisa maana ya neno “kuona”.

Mwaka 1981, katika maabara ya kampuni ya kompyuta ya IBM huko Rüschlikon, karibu na Zürich, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer waliacha kutazama wakaanza kupapasa. Walichukua ncha ya chuma kali sana, wakaishusha juu ya kipande cha metali mpaka pengo likawa chini ya nanomita moja, bila kugusana. Katika pengo jembamba kiasi hicho elektroni huanza kupenya, ingawa kwa sheria za kawaida hazikupaswa kuvuka, na mkondo mdogo wa umeme unapita. Ni kama kupitisha kiganja juu ya jiko la mkaa: huligusi, lakini joto linakuambia uko karibu kiasi gani. Ila jiko hili ni kali ajabu. Sogeza ncha kwa sehemu moja ya kumi ya nanomita tu, na mkondo unaongezeka karibu mara kumi. Kwa hiyo ncha ikipitishwa mstari kwa mstari, kila atomu inahesabika kama kijilima. Mitikisiko ndiyo ilikuwa adui yao mkubwa. Wenyewe wamesimulia kwamba walipima usiku, wakiogopa hata kupumua. Mwaka 1986 walipata Tuzo ya Nobeli, wakigawana na Ruska, ambaye alikuwa amesubiri miaka 55.

Lakini kupapasa kuna upungufu wake. Unajua kijilima kiko wapi; hujui ni cha nini. Ukipapasa meza gizani utahisi kikombe, ila hutajua kama kimejaa chai au maziwa. Kwa swali la “hiki ni nini?” wanasayansi hurudi kwenye mwanga, na hapo ndipo mambo mawili yaliyotokea mwaka mmoja, pande mbili za dunia, yanapokutana.

La kwanza ni la Kolkata, India. Februari 28, 1928, C. V. Raman na mwenzake K. S. Krishnan walibaini kwamba mwanga ukigonga molekuli, karibu wote unarudi na rangi ileile, lakini sehemu ndogo sana, kama fotoni (chembe ya mwanga) moja katika milioni kumi, inarudi ikiwa imebadilika rangi kidogo. Imeiachia molekuli sehemu ya nguvu zake, na molekuli imetikisika. Kila molekuli ina mitikisiko yake, kama vile kila tikiti sokoni lina mlio wake ukiligonga kwa kidole. Ukiusoma mwanga uliobadilika, unaijua molekuli kwa jina. Kazi hiyo ya kuvitambua vitu kwa mwanga wao ndiyo spektroskopia, na India huiadhimisha tarehe hiyo kila mwaka kama siku ya sayansi ya taifa.

La pili ni la Dublin. Mwaka huohuo, Edward Synge, mtu asiye na cheo chochote cha chuo kikuu, alimwandikia Einstein barua yenye wazo la ajabu. Karibu kabisa na uso wa kitu, alifikiri, habari ndogondogo ambazo wimbi haliwezi kuzisafirisha bado zipo. Leo tunajua sababu yake: kuna mwanga unaoambaa na uso wa kitu bila kuondoka kwenda mbali, na unafifia kabla ya kumaliza hata urefu wa wimbi moja. Ni mnong'ono. Ukikaa mbali husikii kitu. Weka sikio mdomoni, utasikia kila neno. Synge alipendekeza “sikio” liwe tundu dogo kuliko wimbi, lisogezwe juu ya kitu hatua kwa hatua. Einstein alimtia moyo, Synge akachapisha, kisha wazo likalala zaidi ya miaka 40. Mwaka 1972 lilithibitishwa London kwa mawimbi ya redio ya sentimita chache, na mwaka 1984 Dieter Pohl akalifanya kwa mwanga wa kuonekana, tena katika maabara ileile ya IBM.

Mwaka 1992 wataalamu wa mwanga huu wa karibu waliitana kwa mkutano wao wa kwanza wa kimataifa, huko Arc-et-Senans, Ufaransa, ndani ya kiwanda cha kale cha chumvi cha mfalme. Mikutano hiyo iliendelea, ikihama kutoka nchi hadi nchi. Na ndoa ya Raman na Synge ikafungwa mwaka 2000, pale makundi kadhaa ya watafiti, kila moja kivyake, yalipoweka ncha ya dhahabu au ya madini ya fedha chini ya leza. Ncha kali ya metali huvuta mwanga na kuukusanya pale mwishoni kabisa, karibu kama mnazi mrefu unavyovuta radi. Mwanga wa Raman, ambao kwa kawaida ni hafifu mno, unaongezeka mara maelfu kwa maelfu, lakini kwenye kidoa kile tu kilicho chini ya ncha.

Matokeo? Mwaka 2013 watafiti wa Hefei, China, walichora molekuli moja ya pofirini kwa undani wa chini ya nanomita moja. Pofirini ni ndugu wa kile kiini kinachoshika chuma ndani ya chembe nyekundu za damu, zilezile za slaidi yetu. Mwaka 2019 wenzao wa Irvine, California, wakiwa kwenye baridi ya nyuzi 267 chini ya sifuri, walionesha jinsi sehemu mbalimbali za molekuli kama hiyo zinavyotikisika, mtikisiko mmoja baada ya mwingine.

Hapo mabishano ya mikutanoni yakapamba moto, kwa sababu ncha yenyewe ina upana wa nanomita kama 20. Inakuwaje ione kitu kidogo kuliko yenyewe mara ishirini? Jibu linalokubalika na wengi ni kwamba mwanga haukusanywi na ncha nzima. Unakusanywa na atomu moja iliyochomoza mwishoni, kama chunusi kwenye kidole.

Tatizo ni kuipata atomu hiyo. Waya wa dhahabu huchovywa kwenye asidi na kupitishiwa umeme mpaka ulike na kuchongoka. Ule wa platini, kwa hadubini ya Binnig na Rohrer, watu huukata kwa koleo tu, wakiuvuta kwa pembeni. Waya mbili zilizochovywa dakika moja, kwenye asidi moja, hutoa moja inayoona molekuli na nyingine isiyoona chochote. Na ile nzuri ikigusa uso wa kitu mara moja tu, kwa sababu mtu amefunga mlango kwa nguvu kule koridoni, ncha inabonyea, na mtafiti anarudi kuchovya waya mwingine.